Sefu ya Bunduki Nyumbani: Fizikia, Kemia na Hesabu za Kuichagua kwa Gharama Nafuu

Wanafunzi wa shule za sekondari hujifunza habari za nyenzo katika kidato kimoja, joto fiche katika kidato kingine, na kutu katika somo la kemia. Mara nyingi mada hizo hubaki zimetengana daftarini kana kwamba hazina undugu. Katika makala haya tutazikutanisha zote katika kitu kimoja, yaani sefu ya chuma ya kuhifadhia bunduki nyumbani.

Tumekichagua kitu hiki kwa sababu mbili. Kwanza, karibu kila sehemu ya sefu inaweza kuelezwa kwa kanuni ambazo mwanafunzi amekwisha kuzisoma. Pili, sefu ni chombo ambacho ubora wake hauonekani kwa macho. Rangi nzuri, mpini unaong'aa na taa ndogo za kijani huweza kuficha bamba jembamba na kitasa dhaifu, na mnunuzi asiyejua kupima huweza kugundua udhaifu huo siku ambayo mtoto ameishika silaha.

Katika Afrika ya Mashariki bunduki za raia ni chache, nazo huwa mikononi mwa watu wenye leseni, kama vile baadhi ya wakulima na wafugaji wanaopakana na wanyama wakali, wawindaji na walinzi. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye silaha aihifadhi mahali salama wakati wote. Nchini Tanzania umilikaji wa silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hata hivyo, nchi ambayo imelazimika kulichunguza jambo hili kwa upana zaidi ni Marekani, kwa kuwa huko bunduki zimeenea sana majumbani. Kwa hiyo vipimo vingi tutakavyovitaja vinatoka huko na Uingereza, lakini kanuni za maumbile zilizo nyuma ya vipimo hivyo ni zile zile popote.

SEFU INAMZUIA NANI?

Kabla ya kununua chombo cho chote, yafaa tujiulize kinakusudiwa kufanya kazi gani. Sefu ya bunduki ina maadui wanne: mtu wa nyumbani asiyeruhusiwa kuigusa silaha, hasa mtoto, mwizi, moto, na unyevu. Kila adui hushinda kwa njia yake, na kinga ya mmoja si lazima imzuie mwingine. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwani hulipia kinga dhidi ya moto wakidhani wamelipia kinga dhidi ya mwizi.

Adui wa kwanza ndiye anayestahili kufikiriwa kuliko wote. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 2015 ulikadiria kwamba watoto wapatao milioni 4.6 walikuwa wakiishi katika nyumba zenye walau bunduki moja iliyojazwa risasi na ambayo haikufungiwa. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2005, ulilinganisha nyumba ambamo watoto na vijana walijeruhiwa au kufa kwa bunduki na nyumba nyingine zenye bunduki ambamo maafa hayo hayakutokea. Mambo manne yalionekana kuambatana na upungufu wa ajali na pia wa vijana kujiua: bunduki kufungiwa, bunduki kutokuwa na risasi ndani, risasi nazo kufungiwa, na risasi kuwekwa mbali na bunduki. Msomaji atatambua kuwa katika mambo hayo manne, matatu hayahitaji sefu ya bei kubwa. Sanduku imara la chuma kwa bunduki, kisanduku kingine cha risasi, na nidhamu ya mwenye ufunguo hufanya kazi kubwa.

UNENE WA BAMBA

Tuchukue sefu yenye kimo cha sentimeta 150, upana wa sentimeta 50 na kina cha sentimeta 40. Eneo la pande zake zote sita ni:

2 × (1.5 × 0.5 + 1.5 × 0.4 + 0.5 × 0.4) = mita za mraba 3.1

Mita moja ya ujazo ya chuma cha pua cha kawaida ina kilogramu 7,850 hivi. Basi sefu hiyo ikitengenezwa kwa bamba la unene wa milimeta 1 itakuwa na kilogramu 24 za chuma. Kwa milimeta 2 itakuwa na kilogramu 49. Na kwa milimeta 3, kilogramu 73. Kwa hesabu hii mnunuzi anaweza kukagua madai ya muuzaji bila kutoboa tundu. Akiambiwa kwamba bamba ni la milimeta 3, lakini sefu nzima ya ukubwa huo ina uzito wa kilogramu 40 tu, madai hayo hayawezi kuwa ya kweli.

Je, milimeta moja ya nyongeza ina faida gani? Ugumu wa bamba dhidi ya kupindwa hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Bamba la milimeta 3 lina ugumu wa mara 27 ukilinganisha na bamba la milimeta 1 la chuma kile kile na upana ule ule, kwa maana 3 × 3 × 3 = 27. Likilinganishwa na bamba la milimeta 2, ugumu wake ni kama mara tatu na theluthi moja. Chuma kimeongezeka kwa nusu tu, lakini ugumu umezidi mara tatu. Ni nadra kwa fedha ya mnunuzi kupata faida ya namna hii mahali pengine katika sefu.

Viwango vya nchi mbalimbali hufuata hoja hii. Nchini Uingereza, kabati la bunduki linatazamiwa liwe la bamba lisilopungua milimeta 2. Jimbo la California, Marekani, hutaka sefu ya ukuta mmoja iwe na bamba la milimeta 2.7 hivi, na mlango wa bamba moja uwe na milimeta 4.6 hivi. Mlango hupewa unene mkubwa zaidi kwa sababu ndio sehemu inayoshambuliwa kwanza.

WENZO NA MLANGO

Mwizi wa nyumbani kwa kawaida hana mitambo. Ana mtaimbo, nyundo na haraka. Tuutazame mtaimbo kama wenzo. Tuseme mwizi anasukuma kwa kani ya nyutoni 400, sentimeta 45 kutoka kwenye egemeo, na ncha ya mtaimbo iko sentimeta 1.5 upande wa pili wa egemeo. Kwa kanuni ya momenti, kani inayoukuta mlango ni:

400 × 45 ÷ 1.5 = nyutoni 12,000

Hiyo ni sawa na uzito wa zaidi ya tani moja ukining'inia ukingoni mwa mlango. Akipata mtaimbo wenye urefu maradufu, kani nayo huongezeka maradufu. Hapana shaka kwamba bamba la milimeta 1 litakunjika kama karatasi ya bati.

Lakini wenzo una sharti moja: ncha yake lazima ipate pa kuingia. Kwa hiyo, unapoikagua sefu, funga mlango kisha jaribu kupenyeza kadi ngumu kati ya mlango na fremu. Uwazi ukiwa mdogo na sawasawa pande zote, na fremu ikiwa imekunjwa ndani ili mlango uketi ndani yake, mtaimbo hautapata mahali pa kuuma. Ukiona pembe moja inapokea kidole, iache sefu hiyo.

Kisha tazama makomeo. California hutaka makomeo ya chuma yasiyopungua matatu, kila moja lenye unene wa nusu inchi, yaani karibu milimeta 13, yanayotoka mlangoni na kuingia katika mwili wa sefu au kinyume chake. Idadi ya makomeo si hoja ya mwisho. Makomeo kumi yanayoegemea fremu ya bamba jembamba huachia pamoja na fremu hiyo. Uliza fremu ina unene gani mahali makomeo yanapoingia. Tazama pia upande wa bawaba. Bawaba zikiwa nje, lazima kuwe na makomeo au meno ya chuma upande huo yanayoushikilia mlango hata bawaba zikikatwa.

Maabara ya Underwriters Laboratories ya Marekani ina jaribio maalumu kwa sefu za nyumbani. Katika daraja la kwanza la jaribio hilo, fundi mmoja mwenye zana za kawaida za mkono hujaribu kuifungua sefu kwa dakika 5 za kazi halisi. Dakika tano huonekana kuwa chache, lakini zinamfundisha mnunuzi jambo la maana, yaani kwamba hakuna sefu isiyofunguka. Kinachonunuliwa ni muda, na muda huo ni wa kuwawezesha majirani kusikia na mwizi kuogopa.

SEFU ISIYOFUNGWA SAKAFUNI

Turudi kwa sefu yetu ya kilogramu 73. Watu wengi huridhika wakiona watu wawili wanahangaika kuibeba, wakaiacha imesimama tu pembeni mwa chumba. Hebu tukokotoe. Uzito wake ni nyutoni 715 hivi (73 × 9.8), nao hupita katikati ya kina chake, sentimeta 20 kutoka ukingo wa mbele. Mtu akiivuta kwa juu, mita 1.5 kutoka sakafuni, kani inayotosha kuanza kuiinamisha ni:

715 × 0.2 ÷ 1.5 = nyutoni 95

Kani hiyo haizidi ile ya kuinua debe la maji lililojaa nusu. Kwa hiyo mwizi huiangusha sefu chali kwa urahisi, na ikisha kulala sakafuni, uzito wote wa mwili wake humsaidia kuukandamiza mtaimbo. Mbaya zaidi, mtoto anayening'inia kwenye mlango ulioachwa wazi huweza kuangukiwa.

Sasa tuifunge sefu hiyo kwenye sakafu ya zege kwa boliti mbili za nyuma, sentimeta 35 kutoka ukingo wa mbele, tukichukua kwamba kila boliti huhimili nyutoni 5,000 kabla ya kung'oka. Boliti hizo pekee huongeza momenti ya 10,000 × 0.35 = nyutonimeta 3,500, ambayo kwa kimo cha mita 1.5 ni kani ya nyutoni 2,333. Jumla ni zaidi ya nyutoni 2,400, yaani kama mara 25 ya kani ya kwanza. Boliti nne na saa moja ya kazi ya fundi mwenye keekee ya zege ni gharama ndogo mno kwa faida kubwa hivyo.

Nyumba ya udongo au ya matofali mabichi haiwezi kuzishika boliti. Hapo fundi aweza kumwaga kitako cha zege chenye urefu wa sentimeta 60, kina cha sentimeta 50 na kimo cha sentimeta 30, na kuzizamisha boliti ndani yake zege ikiwa bado mbichi. Kitako hicho kina ujazo wa mita za ujazo 0.09 na uzito wa kilogramu 216 hivi. Sefu ikisha kufungwa juu yake katikati, kani ya kuiinamisha hufika nyutoni 390, zaidi ya mara nne ya ile ya mwanzo. Si kinga kamili, lakini ni bora kuliko kuiacha sefu wima bila kufungwa.

Mahali pa kuiweka pana maana pia. Pembe ya chumba huziziba pande mbili za sefu na humnyima mwizi nafasi ya kuuzungusha mtaimbo. Isitoshe, sefu isiyoonekana kutoka dirishani au sebuleni haimwalikii mtu kuipangia njama.

KITASA NA HESABU ZA UWEZEKANO

Vitasa vilivyo katika sefu za bei nafuu ni vya namna nne: cha ufunguo, cha gurudumu la namba, cha vibonyezo vya umeme, na kile kinachotambua alama za vidole.

Kitasa cha vibonyezo chenye namba ya siri ya tarakimu 4 kina namba 10,000 zinazowezekana, na California hutaka zisipungue hizo. Tuseme mtu hutumia sekunde 6 kujaribu kila namba. Kuzimaliza zote kungemchukua sekunde 60,000, karibu saa 17. Kijana aliyebaki nyumbani wakati wa likizo anazo saa hizo. Lakini kitasa kikijifunga kwa dakika 5 kila baada ya majaribio 5 yenye makosa, kutakuwa na vipindi 2,000 vya kungoja, yaani dakika 10,000, ambazo ni karibu siku 7 mchana na usiku. Basi muulize muuzaji kama kitasa hujifunga hivyo. Sifa hiyo ina thamani kuliko taa na milio.

Hesabu hii huharibika mara moja mwenye sefu anapochagua mwaka wa kuzaliwa. Miaka ambayo watu wa nyumba moja wamezaliwa haizidi 80 hivi. Bila kujifunga, namba 80 humalizika kwa dakika 8, na hata kwa kitasa kinachojifunga huhitaji muda usiofika saa mbili. Watoto huzijua tarehe za wazazi wao. Namba nzuri ni ile isiyo na hadithi.

Vitasa vya umeme vya bei ya chini sana vina udhaifu mwingine. Katika baadhi yao, kinachozuia mpini usizunguke ni kipini kidogo kinachosukumwa na springi na kuvutwa na sumaku ya umeme. Springi hafifu huweza kuachia kipini kwa mtikisiko tu. Kitasa cha sefu ya silaha kinapaswa kuwa kimepimwa na maabara inayojitegemea, na mnunuzi asikubali maneno matupu badala ya alama ya maabara hiyo.

Alama za vidole huvutia kwa wepesi wake, lakini zinahitaji tahadhari. Mwezi Oktoba 2023, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa sefu za bunduki zipatazo 61,000 za namna hiyo. Katika sefu hizo, mwenye mali aliweza kuamini kwamba amesajili vidole vyake, kumbe kitasa kilibaki katika hali ya kumfungulia mtu yeyote. Tangazo hilo lilitaja kesi iliyohusu kifo cha mvulana wa miaka 12. Jaribio ambalo lingeonyesha kasoro hiyo halihitaji chombo chochote: baada ya kusajili kidole chako, mwombe mtu mwingine mzima ajaribu kuifungua sefu ikiwa tupu, kwa vidole vyote kumi. Jaribio hilo lifanywe siku ya kwanza, na lirudiwe kila betri zinapobadilishwa.

Kuhusu ufunguo, hesabu yake ni fupi. Ufunguo uliowekwa juu ya kabati au nyuma ya picha una uwezekano mmoja tu, na mtoto mwenye umri wa kwenda shule huugundua. Hata sefu za vibonyezo mara nyingi huja na ufunguo wa dharura. Ufunguo huo ni mlango wa pili, nao ulindwe kama wa kwanza.

MOTO, JASI NA MAJI YALIYOFICHIKA

Chuma hupitisha joto upesi, kama mara 250 kuliko jasi. Kwa hiyo sefu ya chuma kitupu katika nyumba inayowaka ni sufuria tu. Watengenezaji hubandika ndani yake mbao za jasi. Siri ya jasi iko katika fomula yake, CaSO₄·2H₂O. Uzito wa molekuli ni 172, na maji yaliyomo ni 36; yaani karibu asilimia 21 ya jiwe hilo kavu ni maji. Likipashwa joto kupita nyuzi 100 za Selsiasi, jasi huanza kuyaachia maji hayo kama mvuke.

Sefu yetu yenye mita za mraba 3.1 ikivalishwa tabaka moja la jasi lenye kilogramu 9 kwa kila mita ya mraba itabeba kilogramu 28 hivi. Tukichukua kwamba yote ni jasi tupu, maji yaliyomo ni kilogramu 5.9. Joto fiche la kuyageuza maji kuwa mvuke ni megajuli 2.26 kwa kila kilogramu, hivyo mvuke huo hula megajuli 13.3 kabla joto halijapanda sana ndani. Maji yakiisha, kinga nayo imeisha. Ndiyo maana kinga dhidi ya moto hupimwa kwa muda.

Soma lebo kwa makini. Dai la dakika 60 halina maana bila kutaja joto la tanuru. Katika jaribio linalojulikana sana la saa moja, tanuru hufikishwa nyuzi 927, na ndani ya sefu joto lisizidi nyuzi 177, kiwango ambacho karatasi bado haijaungua. Sefu nyingine huandikwa dakika 30 kwa joto la chini zaidi, nayo haiwezi kulinganishwa na ya kwanza. Tena tofautisha lebo ya maabara inayojitegemea na maneno ya mtengenezaji aliyejipima mwenyewe.

Kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo, ushauri wetu ni huu: usilipie jasi ya sefu kubwa kwa ajili ya hati za nyumba na vyeti. Nunua sefu ya chuma kizuri kwa bunduki, na kisanduku kidogo cha kuhimili moto kwa karatasi.

KUTU

Chuma hakihitaji kulowa ili kipate kutu. Hewa yenye unyevu unaozidi kama asilimia 60 ya ule unaoweza kuubeba huharakisha kutu, na katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar hewa hupita kiwango hicho mara kwa mara. Chumvi ya bahari huzidisha tatizo.

Kuna njia mbili za kupunguza unyevu ndani ya sefu. Ya kwanza ni kupasha joto kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 25 huweza kubeba gramu 23 za mvuke. Kwa nyuzi 32 huweza kubeba gramu 34 hivi. Hewa yenye gramu 20 iko kwenye asilimia 87 katika hali ya kwanza, na asilimia 59 katika ya pili, ingawa mvuke haukupungua hata chembe. Njia ya pili ni kuweka punje za silika, ambazo hunyonya mvuke. Sefu yetu ina ujazo wa mita za ujazo 0.3, hivyo hewa yake ina gramu 6 tu za mvuke. Gramu 100 za punje zatosha kwa kufungwa mara nyingi, nazo zikishiba hukaushwa kwa joto na kutumika tena. Usiihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au wa kitambaa, kwani mifuko hiyo hushika unyevu, na usiiweke sefu juu ya sakafu yenye majimaji bila kuitenga kwa vipande vya mpira.

JINSI YA KUGAWA FEDHA

Tukikusanya hoja zetu, mpangilio wa matumizi kwa mtu asiye na fedha nyingi huwa hivi. Kwanza ni kitasa cha kuaminika, kwa sababu ndicho kinachomzuia mtoto kila siku ya mwaka. Pili ni boliti za kufungia, kwa kuwa ni rahisi na faida yake ni kubwa. Tatu ni unene wa bamba na uimara wa fremu. Hapa ongeza milimeta moja kabla ya kuongeza pambo lo lote. Nne ni kisanduku cha pili chenye kufuli yake kwa ajili ya risasi. Tano ni punje za silika. Jasi ya moto ni ya mwisho.

Mtu anayemwagiza fundi wa kuchomelea amtengenezee sanduku anaweza kupata bamba la milimeta 3 kwa gharama inayovumilika. Lakini fundi huyo asiunde kitasa mwenyewe, kinunuliwe kilichopimwa. Na kabla ya kazi kuanza, mwenye leseni awaulize polisi wa eneo lake ni masharti gani ya kuhifadhi silaha yanayomhusu.

MAJARIBIO YA DARASANI

Mwalimu hahitaji silaha wala sefu ili kulifundisha somo hili, na silaha isiletwe shuleni kamwe.

1. Kata vipande vitatu vya manila vyenye upana na urefu sawa. Acha kimoja kiwe tabaka moja, cha pili gundisha matabaka mawili, cha tatu matabaka matatu. Viweke kati ya madawati mawili na kuning'iniza uzito mdogo katikati. Pima kila kimoja kimepinda kiasi gani na ulinganishe na kipeo cha tatu cha unene.

2. Chukua kipande cha chaki na ukidondoshee siki. Kikitoa mapovu, ni cha kalisi kaboneti, tafuta kingine. Kisipotoa, yaelekea ni cha jasi. Kisage, ukaushe unga wake juani, kisha uupashe moto ndani ya neli ya majaribio iliyoinamishwa kidogo. Matone yatakayoonekana karibu na mdomo wa neli ndiyo maji yaliyokuwa yamefichika.

3. Weka msumari mmoja katika chupa yenye hewa kavu na punje za silika, wa pili katika chupa ya kawaida, na wa tatu katika chupa yenye pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi. Zifunge na uzitazame kwa majuma mawili.

MASWALI

1. Bamba la milimeta 2 likibadilishwa na la milimeta 4, uzito wa sefu huongezeka mara ngapi, na ugumu wa kupindwa mara ngapi?

2. Namba ya siri ya tarakimu 5 huhitaji muda gani kumalizwa yote, kwa sekunde 6 kila jaribio, ikiwa kitasa hakijifungi?

3. Kilogramu 10 za jasi tupu zina maji kiasi gani, na kuyageuza kuwa mvuke kwahitaji nishati gani?

4. Mkulima mwenye leseni anaishi karibu na bahari katika nyumba ya udongo pamoja na watoto wawili wa umri wa shule. Fedha yake yatosha kununua ama sefu ya milimeta 3 bila kitako cha zege, ama kabati la milimeta 2 lenye kitasa kizuri, kitako cha zege na kisanduku cha risasi. Mshauri, ukieleza ni adui yupi unayemhofia zaidi na kwa nini.

Majibu ya maswali matatu ya kwanza: (1) mara 2, mara 8. (2) Sekunde 600,000, karibu siku 7. (3) Kilogramu 2.1 hivi, megajuli 4.7 hivi. Swali la nne lijadiliwe na darasa zima, na kila hoja iambatane na hesabu yake.